Posho ya Mwanagenzi Ujerumani: Soma Mkataba, Hesabu Kinachobaki, Dai Kilicho Chako

Mwezi wangu wa kwanza wa uanagenzi wa ufundi bomba, mkataba ulisema euro 800. Kwenye akaunti iliingia euro 450 na senti kidogo. Nilikaa jikoni, kwenye nyumba tuliyopanga vijana wanne, karatasi ya mshahara iko mezani, nikawa napitisha kidole mstari kwa mstari. Maneno marefu, vifupisho vya herufi mbili mbili, na karibu na mwisho mstari mmoja umeandikwa Werkzeug, yaani vifaa vya kazi. Chini yake Sicherheitsschuhe, viatu vya usalama. Mistari hiyo miwili peke yake ilikuwa imekula euro 190. Nikajiambia ndivyo dunia ilivyo, maana kwetu Tanga fundi mgeni hununua spana zake mwenyewe. Ilinichukua miezi miwili kujua kwamba makato ya mistari ile miwili hayaruhusiwi na sheria, na kwamba yale mengine yote niliyokuwa nayalalamikia yalikuwa halali kabisa.

Nimeandika haya ili wewe unayekuja usipoteze hiyo miezi miwili. Tangu Kenya na Ujerumani ziliposaini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi tarehe 13 Septemba 2024, maswali kuhusu Ausbildung, uanagenzi wa Ujerumani, yamekuwa mengi, kutoka Kenya na Tanzania pia. Wengi huuliza juu ya viza. Wachache sana huuliza watalipwa nini, lini, na nani ana haki ya kukata nini. Ninazungumza zaidi na anayekuja kwenye ufundi: umeme, bomba, magari, ujenzi, kuoka mikate, saluni. Wauguzi wana sheria yao na posho zao kwa kawaida ni kubwa zaidi, ingawa kusoma karatasi ya mshahara ni kulekule.

Wewe ni nani mbele ya sheria

Ausbildung ni uanagenzi wa pande mbili. Siku tatu au nne za wiki uko kazini kwa mwajiri, siku moja au mbili uko Berufsschule, chuo cha ufundi. Sehemu nyingine chuo huja kwa mkupuo, wiki mbili tatu mfululizo. Uashi, mikate na saluni ni miaka mitatu. Umeme, bomba na magari ni miaka mitatu na nusu. Sheria inayokulinda ni Berufsbildungsgesetz, sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1969, ambayo kwenye karatasi utaiona imefupishwa BBiG. Imerekebishwa mara kadhaa, na marekebisho yanayotugusa zaidi ni yale ya 1 Januari 2020, yaliyoweka kima cha chini cha posho ya mwanagenzi.

Mwanagenzi huku anaitwa Azubi. Kisheria ana mkataba wa mafunzo, na anacholipwa kinaitwa Ausbildungsvergütung, posho ya mafunzo. Hapa ndipo ndugu waliokaa muda huku wanapowachanganya wageni. Utasikia mtu anakwambia: "Unaibiwa, kima cha chini ni euro 13.90 kwa saa!" Kiwango hicho ni kweli kipo tangu 1 Januari 2026, lakini ni cha wafanyakazi. Mwanagenzi hayumo. Ukienda kudai hicho utarudi umeaibika, na ukirudi umeaibika hutakuwa na moyo wa kudai kile ambacho kweli ni chako.

Jambo moja la kuangalia kabla ya yote: kuna kozi zinazoitwa schulische Ausbildung, mafunzo ya darasani chuoni, na nyingi kati ya hizo hazina posho. Wakala akikuonyesha "Ausbildung", muulize kwanza mkataba ni wa kampuni gani, na posho ya mwaka wa kwanza ni kiasi gani. Akizungukazunguka, acha.

Hatua ya kwanza: jua posho yako haiwezi kushuka chini ya wapi

Kima cha chini hupangwa kwa mwaka unaoanza mafunzo, na hupanda kadiri unavyosonga mbele. Mwaka wa pili ni asilimia 18 juu ya mwaka wa kwanza, wa tatu asilimia 35, wa nne asilimia 40.

Aliyeanza mwaka 2025: euro 682 mwaka wa kwanza, 805 wa pili, 921 wa tatu, 955 wa nne.

Anayeanza mwaka 2026: euro 724 mwaka wa kwanza, 854 wa pili, 977 wa tatu, 1,014 wa nne.

Hizi zote ni kwa mwezi, kabla ya makato. Ngazi yako ni ile ya mwaka ulioanza. Aliyeanza 2025 hapandi kwenye ngazi ya 2026 mwaka unapobadilika. Yeye anakwenda 682, kisha 805, kisha 921. Nimeona watu wakigombana na ofisi ya mishahara juu ya hili bila sababu.

Sasa, kima cha chini ni sakafu tu. Kazi nyingi za ufundi zina mkataba wa hali bora kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri, unaoitwa Tarifvertrag, na huo kwa kawaida hulipa zaidi. Mwaka 2024 wastani wa posho kwenye mikataba hiyo, miaka yote ya mafunzo ikichanganywa, ulikuwa euro 1,133 kwa mwezi. Mara chache mkataba wa hali bora huweka posho iliyo chini ya kima, na sheria inaruhusu hilo kwa mwajiri anayebanwa na mkataba huo.

Na hapa pana kanuni ambayo wengi hawaijui, nayo imewasaidia watu ninaowafahamu kuliko nyingine yoyote. Hata kama mwajiri wako hayumo kwenye chama cha waajiri, hawezi kukulipa chini ya asilimia 80 ya kiwango cha mkataba wa hali bora wa kazi hiyo katika eneo hilo. Chukua mfano: mkataba wa hali bora unasema mwaka wa kwanza ni euro 1,100. Asilimia 80 yake ni euro 880. Mwajiri akikuandikia euro 750, amevuka kima cha chini cha taifa, lakini bado yuko chini ya 880, na unaweza kudai. Kwa hiyo usiridhike kwa kulinganisha na ile 724 peke yake. Tafuta kiwango cha kazi yako: chama cha wafanyakazi watakwambia kwa simu, chemba ya mafundi (chombo kinachoandikisha mikataba ya mafunzo) watakwambia, na taasisi ya utafiti ya WSI ina hazina ya viwango hivyo kwenye intaneti, bure.

Posho lazima ipande angalau mara moja kwa mwaka. Mkataba wenye namba ileile kwa miaka mitatu una kasoro.

Hatua ya pili: soma mkataba kabla hujasaini

Watu husaini wakiwa Nairobi au Dar es Salaam, usiku, kwenye simu, kwa sababu wakala amesema mwisho ni kesho. Naelewa haraka hiyo. Lakini mkataba ndio karatasi ubalozi utakaoitazama, ndio Idara ya Ajira ya Ujerumani itakayoipima kabla ya kukubali viza yako, na ndiyo utakayoishika mkononi siku mkikosana. Ipe jioni moja kamili.

Anza na namba. Wajerumani huandika kinyume na sisi: nukta ni ya maelfu, mkato ni wa senti. Ukiona 1.048,50 hiyo ni euro elfu moja na arobaini na nane na senti hamsini. Angalia kama neno lililo karibu ni brutto, maana yake kabla ya makato. Karibu kila mara ndivyo itakavyokuwa.

Kisha hakikisha yafuatayo yameandikwa: jina kamili la ufundi utakaohitimu, tarehe ya kuanza na muda wa mafunzo, saa za kazi kwa siku, posho ya kila mwaka wa mafunzo, kazi ya ziada inafidiwaje, siku za likizo, urefu wa kipindi cha majaribio, na namna ya kusitisha mkataba. Kipindi cha majaribio, Probezeit, hakiwezi kupungua mwezi mmoja wala kuzidi miezi minne. Ukiona miezi sita, mwandishi wa mkataba ama hajui sheria ama anakujaribu.

Kuna vifungu ambavyo hata ukivisaini havina nguvu. Mwajiri hawezi kukutoza fedha kwa sababu anakufundisha. Hawezi kuweka faini ya kuvunja mkataba wa mafunzo. Hawezi kukufunga umtumikie miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Makubaliano ya kubaki yanaruhusiwa tu ndani ya miezi sita ya mwisho wa mafunzo. Nimeshaona mkataba wa kijana mmoja uliosema akiondoka kabla ya miaka mitano arudishe "gharama za mafunzo". Alikuwa hapati usingizi usiku kwa ajili ya karatasi ile. Kifungu hicho kilikuwa batili tangu siku kilipoandikwa.

Mwisho, mkataba lazima uandikishwe kwenye chemba: Handwerkskammer kwa mafundi wa mikono, IHK kwa viwanda na biashara. Omba nakala yenye uthibitisho wa kuandikishwa. Bila hiyo, siku ya mtihani inaweza kuwa siku ya majuto.

Hatua ya tatu: hesabu kitakachofika mkononi

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo ndoto nyingi hupimwa. Tuchukue kijana wa miaka 25, hana mtoto, posho yake ni euro 1,000 kabla ya makato. Karatasi yake ya mshahara itakuwa na herufi hizi:

RV ni pensheni. Asilimia 9.3, yaani euro 93.

AV ni bima ya kukosa kazi. Asilimia 1.3, yaani euro 13.

KV ni bima ya afya. Asilimia 7.3 pamoja na nusu ya nyongeza ambayo kila mfuko hujipangia. Tuseme nyongeza ya mfuko wake ni asilimia 2.5, nusu yake ni 1.25. Jumla euro 85.50.

PV ni bima ya matunzo ya uzeeni na ulemavu. Asilimia 1.8, na asiye na mtoto akishatimiza miaka 23 huongezewa 0.6. Jumla euro 24. Jimbo la Sachsen hugawa tofauti kidogo.

Yote pamoja ni euro 215.50. Kinachobaki ni euro 784.50. Mwajiri naye analipa upande wake juu ya hapo, bila kugusa posho yako.

Kodi ya mapato iko wapi? Kwa posho ya namna hii hakuna. Mtu asiye na ndoa hatozwi kodi kwa mapato ya mwaka yasiyozidi euro 12,348 (kwa 2026), na mfanyakazi ana punguzo jingine la euro 1,230 juu yake. Kodi huanza kumgusa mwanagenzi mwenye posho kubwa. Ukiona umekatwa kodi nyingi mwezi wa kwanza, mara nyingi namba yako ya kodi, Steuer-ID, haijamfikia mwajiri, na wamekuweka daraja la sita la kodi, ambalo hukata tangu euro ya kwanza. Peleka namba, fedha hurudi.

Na kitu kimoja kidogo: siku unapojiandikisha makazi utaulizwa dini. Ukijibu Mkatoliki au Mprotestanti, unaandikishwa kwenye kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato. Kodi ikiwa sifuri, nayo ni sifuri. Ukihitimu na mshahara ukapanda, itaanza. Jibu ukweli wa imani yako, lakini ujue unajibu nini.

Baada ya hesabu hii weka chumba. Wengine hulala kwa mwajiri, na mwajiri huhesabu chumba na chakula kama sehemu ya posho. Inaruhusiwa, ila kwa mipaka: vitu vinavyotolewa badala ya fedha havizidi asilimia 75 ya posho kabla ya makato. Angalau robo lazima uione kama fedha.

Hatua ya nne: yale ambayo hupaswi kuyalipia

Rudi kwenye Werkzeug yangu. Sheria inamtaka mwajiri akupe bure vifaa, malighafi na vitabu vya fani vinavyohitajika kwa mafunzo na kwa mitihani. Spana ya bomba, koleo, mita, vyote. Viatu vya usalama, glavu, miwani, kofia ngumu navyo ni juu yake, maana sheria ya usalama kazini inakataza gharama hizo kumwangukia mfanyakazi. Mtihani wa mwisho pia ni bure kwako. Chombo cha kuandikia kumbukumbu ya mafunzo, Berichtsheft, utapewa, na muda wa kuiandika ni ndani ya saa za kazi.

Mimi nilifanya hivi. Nilipiga simu Handwerkskammer nikaomba kuongea na Ausbildungsberater, mshauri wa mafunzo. Kila chemba inaye, na huduma yake ni bure. Kijerumani changu kilikuwa kinakwamakwama, mama yule akanisubiri. Akaniambia nimtumie picha ya karatasi ya mshahara na picha ya mkataba. Wiki iliyofuata akampigia bosi wangu. Sikujua walichoongea. Mwezi wa tatu, kwenye karatasi ya mshahara, mstari ule wa Werkzeug ulirudi ukiwa na alama ya kujumlisha. Bosi hakuninunia kama nilivyoogopa. Alisema mhasibu wake wa nje ndiye aliyekosea. Huenda kweli.

Hatua ya tano: saa zako, chuo chako

Mwenye umri chini ya miaka 18 hafanyi kazi zaidi ya saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki. Mtu mzima anaongozwa na mkataba, na sheria ya jumla inampa saa 8 kwa siku, zinazoweza kufika 10 zikifidiwa baadaye. Kazi inayozidi saa mlizokubaliana lazima ilipwe au irudishwe kwa muda wa kupumzika. Usiachie kumbukumbu kichwani: andika kila jioni saa uliyoanza na uliyomaliza, kwenye daftari dogo. Daftari langu lilikuwa na madoa ya mafuta ya mabomba, na bado ndilo lililoaminiwa, kwa sababu lilikuwa na tarehe za kila siku bila kuruka.

Muda wa chuo ni muda wa mafunzo na unalipwa. Siku ya chuo yenye vipindi zaidi ya vitano vya dakika 45 huhesabiwa siku nzima ya kazi, mara moja kwa wiki. Maana yake ukitoka chuo saa 7 mchana, hakuna kuitwa gereji kufagia. Siku ya pili ya chuo wiki hiyohiyo huhesabiwa kwa saa zake tu, pamoja na mapumziko. Chuo kikija kwa mkupuo, wiki ya angalau saa 25 kwa siku tano ni wiki kamili. Kipindi kikianza kabla ya saa 3 asubuhi, huwezi kutakiwa kazini kabla yake. Siku ya kazi inayotangulia mtihani wa mwisho wa kuandika ni ya mapumziko, nayo inalipwa.

Kazi unazopewa ziwe za kukufundisha. Kufagia karakana mliyoichafua ni sehemu ya ufundi kila mahali duniani. Kumwoshea bosi gari lake la nyumbani kila Ijumaa, hapana.

Hatua ya sita: ugonjwa, ajali, likizo

Ukiugua, toa taarifa asubuhi hiyohiyo kabla ya muda wa kuanza. Ugonjwa ukizidi siku tatu, cheti cha daktari kinahitajika siku ya nne, na mkataba unaweza kukitaka mapema zaidi. Siku hizi mwajiri hukichukua mwenyewe kwa mtandao kutoka mfuko wa bima, lakini kutoa taarifa kunabaki juu yako. Posho inaendelea yote kwa wiki sita. Baada ya hapo mfuko wa bima hulipa asilimia 70 ya posho ya kabla ya makato. Katika wiki nne za mwanzo kabisa za kazi, mfuko ndio unaolipa, kwa hiyo jiandikishe bima kabla hujagusa kazi.

Ajali kazini au njiani kwenda na kurudi kazini hubebwa na Berufsgenossenschaft, bima ambayo mchango wake wote hulipwa na mwajiri. Ukianguka kwa baiskeli njiani, mwambie daktari hivyo kwa neno moja: Wegeunfall. Neno hilo hubadilisha nani analipa.

Likizo ya chini kwa mtu mzima ni siku 24 kwa wiki ya siku sita za kazi, sawa na siku 20 kwa wiki ya siku tano. Kwa walio chini ya miaka 18 ni zaidi. Posho inaendelea ukiwa likizoni. Ukitaka kwenda nyumbani Desemba, omba mapema na upate jibu kwa maandishi kabla ya kukata tiketi.

Hatua ya saba: fedha isipotosha

Euro 784 mkononi, chumba euro 400, chakula, tiketi ya treni na basi. Inabana. Kuna Berufsausbildungsbeihilfe, BAB kwa kifupi, ruzuku ya Idara ya Ajira kwa mwanagenzi anayeishi mbali na wazazi. Wanaangalia posho yako, kodi ya nyumba na kipato cha wazazi. Haitolewi kwa miezi iliyotangulia maombi, kwa hiyo omba mwezi uleule unaoanza hata kama nyaraka za wazazi kutoka nyumbani hazijakamilika, utazileta baadaye. Anayepata BAB anaweza pia kuomba msamaha wa ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba.

Kibali cha ukaazi cha uanagenzi kinakuruhusu kazi ya pembeni hadi saa 20 kwa wiki. Lakini sheria ya saa za kazi hujumlisha kazi zote, na kikomo cha mtu mzima ni saa 48 kwa wiki. Ukiwa na saa 40 za mafunzo, zilizobaki ni nane. Mjulishe mwajiri wako. Jumamosi moja ya kuosha vyombo hotelini inatosha. Nimewaona waliojaribu zaidi wakalala darasani, na mtihani hauna huruma.

Hatua ya nane: mambo yakiharibika

Posho inatakiwa iwe imelipwa ifikapo siku ya mwisho ya kazi ya mwezi huohuo. Ikichelewa au ikipungua, anza kwa maandishi: barua pepe fupi yenye kiasi, mwezi, na tarehe unayotaka walipe. Usingoje mwaka uishe, maana mikataba mingi ina kifungu kinachofuta madai yasiyodaiwa kwa maandishi ndani ya miezi mitatu.

Halafu mshauri wa chemba, kama nilivyosema. Chama cha wafanyakazi, IG Metall, IG BAU, NGG au kingine cha kazi yako, ambacho mchango wake ni karibu asilimia moja ya posho, kitakupa msaada wa kisheria. Faire Integration ni ofisi za ushauri wa haki za kazi kwa wageni, bure, na zipo majimbo yote. Kesi ikifika mbali, chemba nyingi zina kamati ya usuluhishi kabla ya mahakama ya kazi.

Kuhusu kufukuzwa: ndani ya kipindi cha majaribio kila upande unaweza kuvunja mkataba bila notisi. Baada ya hapo mwajiri anahitaji sababu nzito, aiandike, na awe ameichukulia hatua ndani ya wiki mbili tangu aijue. Kufukuzwa kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu hakuna nguvu. Barua ikija, tafuta msaada ndani ya wiki tatu. Na wakikuwekea mezani karatasi yenye neno Aufhebungsvertrag, hiyo ni ya kukubali kuondoka mwenyewe. Usiisaini siku hiyo. Sema unaenda nayo nyumbani kuisoma.

Wewe ukitaka kuacha ufundi huo au kuhamia mwingine, notisi ni wiki nne. Hofu kubwa ya wote ni kibali. Ukipoteza nafasi bila kosa lako, sheria inakupa hadi miezi sita kutafuta nafasi nyingine kabla kibali hakijafupishwa. Ijulishe ofisi ya wageni mapema, kwa maandishi, na uhifadhi nakala. Anayenyamaza ndiye hupata shida.

Siku ya matokeo

Mafunzo huisha siku kamati ya mitihani inapotangaza umefaulu, hata kama mkataba unasema Agosti. Kuanzia siku inayofuata wewe ni fundi kamili na posho haikuhusu tena. Ukifeli, una haki ya kuomba mkataba uongezwe hadi mtihani wa marudio, kwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja. Mwajiri anatakiwa akupe cheti cha utumishi, Zeugnis. Dai kile chenye maelezo ya mwenendo na ufanisi.

Ukifaulu, na kesho yake ukaenda kazini kama kawaida na bosi akakuachia ufanye kazi bila mkataba mwingine, sheria inahesabu umeajiriwa moja kwa moja, bila kikomo cha muda. Kwetu sisi kuna sharti la ziada: kibali cha uanagenzi kinatakiwa kibadilishwe kuwa cha fundi mwenye sifa, na miadi ya ofisi ya wageni huchukua muda. Mimi niliiomba miezi mitatu kabla ya mtihani. Barua ya miadi ilifika wiki ileile ya matokeo.